Aliyelia Kwenye Filamu ya Bangili

Nanyama alikuwa na imani moja ambayo hakuipata kanisani wala kwa wazazi wake kule Mbale. Aliamini kwamba ukitaka kumjua mtu, usimuulize kabila lake wala kazi yake. Muulize filamu anayoipenda kuliko zote, kisha unyamaze umsikilize. Imani hiyo aliiokota mwenyewe kwenye dirisha la tiketi la sinema moja mjini Jinja, alikoajiriwa akiwa msichana mbichi, na ndiyo iliyompatia mume. Ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya mjane.

Sinema ilikuwa ya Mhindi mmoja aitwaye Jethalal, mtu mfupi mwenye kikohozi kisichokwisha, na sifa yake ni kwamba hakuwa mchaguzi. Wenye sinema wenzake walileta filamu za Kihindi kwa ajili ya Wahindi na za makauboi kwa ajili ya vijana wa viwandani, basi. Jethalal alileta chochote kilichopatikana Nairobi kwa bei nafuu, hata kiwe kimetoka wapi. Ukumbi ukishajaa, Nanyama alifunga dirisha lake, akaingia na kusimama nyuma karibu na pazia la mlangoni, akatazama mpaka taa ziwake.

Hapo aliona dunia. Aliona filamu ya Warusi ambamo dereva wa garimoshi lililonaswa na theluji anavunja viti vya mabehewa kimoja baada ya kingine, anavitia motoni ili abiria wasife kwa baridi. Aliona ya Wajapani, mzimu wa mwanamke anayechota maji kila jioni na ndoo yake haijai, akarudi nyumbani mtaa wa Walukuba akiwa hataki kupita karibu na bomba. Aliona ya Wamisri, mwimbaji anayepotewa na sauti siku ya harusi yake mwenyewe. Maneno mengi hayakumfikia, maana yale maandishi ya chini yalipita mbio, lakini nyuso alizisoma vizuri kuliko kitabu.

Ila iliyomkaa moyoni ilikuwa ya Kihindi, nayo haikuwa na mambo makubwa. Mama anampoteza mwanawe mchanga, mwenye kovu mkononi, katika mafuriko. Anahamia stesheni ya reli kuuza bangili za vioo, maana kila mtu wa nchi ile siku moja atapita stesheni. Miaka inapita, anazeeka pale pale. Kijana mmoja mtanashati anakuja kumnunulia mchumba wake bangili, wanapatana bei, wanacheka, anaondoka. Garimoshi linapoanza kutembea ndipo mama anapoliona kovu kwenye mkono ulioshika dirisha. Filamu inaishia hapo, mama anakimbia na bangili zinamwagika. Nanyama aliitazama zaidi ya mara anazoweza kukumbuka, na kila mara alijikuta anamwambia yule mama kimoyomoyo, "Mtazame mkono, mtazame sasa hivi."

Mikanda ya filamu ililetwa na Ouma, Mjaluo wa Ugenya, upande wa Kenya, dereva mwenye lori lake mwenyewe. Alibeba bidhaa za maduka, na juu ya bidhaa akapakia makopo ya mikanda. Aliyashusha Jinja, yakaoneshwa, halafu akayapeleka Mbale kwenye sinema nyingine, mwisho akayarudisha Nairobi. Nanyama alimjua kwa sura tu mpaka siku alipomuuliza lile swali lake.

"Kati ya zote ulizobeba, ipi?"

Ouma aliketi juu ya kopo, akafikiri kana kwamba ameulizwa mahakamani. "Ile ya yule kauboi ambaye farasi wake anakufa mwanzoni," akasema. "Anatembea kwa miguu filamu nzima. Wenzake wanampita na farasi zao, wanamcheka, na yeye anatembea tu. Kiatu kinatoboka. Anafika."

"Na akifika?"

"Sijali anafanya nini akifika. Mimi napenda vile anavyotembea."

Nanyama akajua hapo hapo kwamba huyu si mtu wa kumwacha mkewe njiani. Walioana, wakapanga nyumba Walukuba, wakapata binti, wakamwita Adero. Siku Ouma asipokuwa safarini walibishana kuhusu filamu mpaka jirani wakadhani wanagombana. Ouma alisema filamu ya bangili ni ya watu wanaopenda kuumia. Nanyama alisema kauboi wake ni mpumbavu, angekopa punda. Walikuwa na furaha ya kawaida, ile ambayo mtu haioni mpaka imeshaondoka.

Ukaja mwaka ambao Wahindi walifukuzwa. Jethalal aliondoka na sanduku moja na kikohozi chake, akawaaga wafanyakazi kwa kuwashika mikono mmoja mmoja, na machozi hakutoa. Nanyama aliliona hilo, likamshangaza kidogo. Jengo likagawiwa mwanajeshi, Kapteni Nasur.

Watu walitegemea ataligeuza ghala la sukari, kama wenzake walivyogeuza majengo yao. Lakini Nasur alikuja adhuhuri moja, mrefu, mtulivu, sare imenyooshwa, akaketi peke yake katikati ya ukumbi mtupu na kumwambia Yekosofati, fundi wa mashine, amwoneshe chochote kilichopo. Kilichokuwapo ni ile filamu ya bangili, ambayo Jethalal hakupata nafasi ya kuirudisha Nairobi. Nanyama alisimama mahali pake pa siku zote, nyuma. Garimoshi lilipoanza kutembea, aliyaona mabega ya kapteni yanatikisika. Taa zilipowaka, Nasur alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

"Mama," akamwambia alipopita mlangoni, macho mekundu, "hii sinema iko mzuri. Mimi mama yangu alikufa mimi bado mdogo kabisa. Hii sinema hakuna kurudisha Nairobi."

Tangu siku hiyo Nanyama hakumweka Nasur kapu moja na wanajeshi wengine. Mjini watu walikuwa wakichukuliwa. Mwalimu wa Budondo alichukuliwa akiwa anafundisha, mchuuzi wa samaki wa Masese akachukuliwa kwa sababu ya redio. Maonyesho ya usiku yalikufa yenyewe, hakuna aliyetaka kutembea gizani, sinema ikabaki ya mchana. Nanyama aliyasikia yote hayo, na kila aliposikia alijiambia kwamba huyu wetu ni tofauti. Nasur alikuja takriban kila Ijumaa kutazama bangili, kisha akasimama dirishani wakazungumza. Aliipenda pia ile ya dereva wa garimoshi katika theluji. Alikuwa na jicho: ndiye aliyemwonesha Nanyama kwamba yule mama wa stesheni, kila anapozidi kuzeeka, ananyanyua kichwa polepole zaidi garimoshi likipiga honi. Nanyama hakuwa ameliona hilo. Wakati mwingine alimletea sabuni, wakati mwingine sukari, vitu ambavyo watu walikuwa wakivipangia foleni na kuvikosa.

Ouma hakumpenda. "Mtu akilia mbele ya kitambaa cheupe," alisema, "wewe unajua analilia nini?"

"Najua. Nimemwona."

"Umemwona anajililia mwenyewe. Mtu hata akiwa mbaya vipi, kujililia hakumshindi."

"Mimi watu nawajua kwa filamu zao. Wewe nilikujuaje?"

Hapo Ouma alicheka, mazungumzo yakaisha.

Mwaka wa sabini na sita, mwezi wa saba, ndege za wageni zilishambulia uwanja wa Entebbe usiku na kwenda kujaza mafuta Nairobi. Asubuhi yake kila Mkenya aliyekuwa Uganda alikuwa adui. Redio ilitukana, na kabla ya jua kuwa kali watu walikuwa wameanza kuburutwa kutoka kwenye nyumba za wafanyakazi. Ouma alikuwa Jinja. Lori lake, lenye namba za Kenya, lilikuwa limeegeshwa uani mwa sinema. Nanyama alimficha chumbani nyuma ya magunia ya mkaa, akamfunga mdomo Adero kwa kumpa ndizi mbivu moja baada ya nyingine. Jirani walijua, wakanyamaza. Ila hawangenyamaza milele.

"Niache nitembee," Ouma alimnong'oneza. "Nipite mashambani mpaka mpakani."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Usinitajie kauboi wako leo," Nanyama akasema kwa hasira, maana alikuwa na hofu. "Kila njia ina kizuizi. Nitakwenda kwa Afande Nasur."

Ouma alikuwa amechoka kunusa mkaa. "Basi nenda," akasema.

Nasur alimsikiliza mpaka mwisho, uso wake umejaa huruma ile ile ya siku za Ijumaa. Akasema haya mambo ni mabaya, yeye hayapendi, Ouma ni mtu wake wa mikanda, hawezi kuacha aumizwe. Kesho yake atampeleka mwenyewe Mbale kwa gari lake, hakuna kizuizi kitakachomsimamisha. Kule ana rafiki anayejua njia ya mpakani Lwakhakha, atamvusha aingie Kenya. Nanyama aende naye, ili askari wa njiani waone mtu na mkewe, wasishuku.

"Lakini lori hapana," akasema. "Hii namba ya Kenya italeta taabu kwangu. Iache kwa uwanja, mimi nitalinda. Leta ufunguo."

Nasur alipofika Walukuba asubuhi, aliingia ndani, na neno lake la kwanza likawa hilo la ufunguo. Ouma aliutoa mfukoni. Nasur alipotangulia nje, Ouma alimwinamia mkewe: "Ameuliza ufunguo kabla hajanisalimu."

"Ana haraka," Nanyama akasema. "Twende."

Adero walimwacha kwa jirani. Wakapita Iganga, wakapita Tororo. Kwenye vizuizi askari walichungulia, wakapiga saluti, wakainua miti. Nanyama alihesabu kila saluti kama ushindi wake. Alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho, kama kumwambia, unaona? Ouma alikuwa akiitazama barabara, ile ambayo kwa miaka yote aliipita akiwa yeye ndiye kashika usukani.

Mbale, Nasur aliwashusha mbele ya sinema, ile ile ambayo Ouma alizoea kuipelekea mikanda. Mlima ulio juu ya mji ulikuwa wazi siku hiyo, hauna wingu. Akawaambia rafiki yake atakuja onyesho la mchana likikaribia kwisha. Ndani ya sinema hakuna anayeuliza vitambulisho, waketi tu watazame. Akawalipia yeye mwenyewe, akaondoka.

Filamu ilikuwa ya Waingereza, ya kuchekesha, na hawakuwahi kuiona. Mwizi anavunja nyumba usiku, wenye nyumba wanadhani ni shemeji yao waliyekuwa wakimngoja kutoka ng'ambo, wanamkaribisha mezani. Kila anapojaribu kuondoka wanamwongezea chakula. Watu ukumbini walicheka kama watu ambao hawakuwa wamecheka kwa miezi. Mwanzoni Ouma alikaa amejikunja. Halafu mwizi akaombwa kuongoza sala kabla ya kula, naye hajui sala yoyote, akaanza kuombea vijiko. Ouma alicheka. Alicheka kwa sauti, akajifuta macho, akampiga Nanyama paja. "Hii," akasema, "hii hata yule wangu wa farasi inampita." Nanyama aliona mumewe amerudi, akamshika mkono.

Wakati huo tochi iliwaka nyuma yao. Ilipita kiti kwa kiti mpaka ikatua usoni kwa Ouma. Wanaume waliovaa mashati ya maua na miwani myeusi, miwani humo gizani, walisimama mwisho wa safu ya viti.

"Wewe Ouma, mwenye lori?"

Walimfikia, wakamnyanyua kwa mkanda wa suruali. Nanyama alisimama akapiga kelele, akataja jina la Kapteni Nasur, akalitaja tena na tena. Mmoja wao akamwambia kwa upole kabisa, "Keti, mama. Tunamjua."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Hakuna aliyegeuza kichwa. Mwizi aliendelea kula, na watu, kwa kuogopa kuonekana hawatazami mbele, waliendelea kucheka pale pa kuchekea. Nanyama alivisikia viatu vya mumewe vikikwaruza sakafu mpaka mlangoni. Alipokimbia nje, gari lilikuwa limeshakata kona ya soko.

Alizunguka Mbale, mji aliozaliwa, kama mgeni. Kituo cha polisi walimwambia hawana Mkenya. Gerezani walimwambia hawana Mkenya. Langoni pa kambi ya jeshi hawakumwambia chochote, walimwelekezea bunduki tu. Kaka yake alimkuta ameketi kando ya barabara, akampeleka nyumbani na kumwambia asitaje tena hilo jina kwa sauti. Rafiki wa Nasur hakutokea, wala Nasur mwenyewe.

Aliporudi Jinja kumchukua mwanawe, alipitia sinema. Uani mlikuwa mtupu. Yekosofati alimweleza, macho chini, kwamba askari walikuja na lori likaondoka siku ile ile waliyokwenda Mbale, hata kabla hawajafika huko. Baadaye Nanyama aliliona kwa macho yake barabarani, limepakwa rangi ya kijani, limejaa magunia ya kahawa, linaelekea mpakani kwa magendo. Kovu la mlangoni, pale Ouma alipowahi kukwaruza nguzo ya daraja, lilikuwa linaonekana chini ya rangi mpya.

Hakuacha kazi. Aende wapi, ale nini? Akaketi dirishani na kuuza tiketi. Ijumaa moja Nasur akaja, mtulivu kama kawaida, akamsalimu, akaingia, akaketi katikati. Yekosofati aliweka filamu ya bangili bila kuambiwa. Nanyama alifunga dirisha. Safari hii hakusimama nyuma. Alipita katikati ya viti vitupu, akaketi kando ya kapteni, kiti kwa kiti.

Mama wa stesheni alikuwa ameshazeeka. Kijana alikuwa anachagua bangili.

"Afande," Nanyama akasema, "mume wangu yuko wapi?"

Nasur hakugeuka. Machozi yalikuwa yameanza kumtiririka, yanang'aa kwa mwanga wa filamu, na yalikuwa machozi ya kweli. Hilo ndilo lililomkata Nanyama maini. Hakuwa akiigiza. Alikuwa anaumia kwa ajili ya yule mama kama Nanyama alivyowahi kuumia, pengine zaidi.

"Nyamaza kidogo, mama," Nasur akasema, akainua kidole. "Ngoja. Hapa ndiyo pale penyewe."

Nanyama akangoja. Mungu atamsamehe au hatamsamehe, lakini alingoja. Garimoshi likatembea, bangili zikamwagika. Taa zilipowaka Nasur alijifuta, akapumua, akamtazama kana kwamba ndio kwanza anamwona.

"Ile watu ya Mbale ni watu mbaya," akasema. "Mimi nilifanya yangu. Wewe endelea na kazi, mama. Sukari nitaleta."

Akaleta kweli, kesho yake. Nanyama aliipokea, kwa sababu Adero alikuwa anakunywa uji mtupu. Aliikoroga, akamnywesha mtoto, yeye mwenyewe akashindwa hata kulamba kijiko.

Usingizi haukumjia siku nyingi, lakini si kwa kumlilia Ouma peke yake. Alikuwa akizipitia filamu zake zote, moja moja, anatafuta ilipokuwa imemdanganya. Mrusi na theluji yake, Mmisri na sauti yake. Hakuona uongo wowote. Zilikuwa nzuri kama zilivyokuwa, na hazikumfanya mtu yeyote kuwa mwema. Nasur alizipenda kwa moyo wote, akatoka nje na kuua mtu kwa ajili ya lori. Laiti angekuwa mtu asiyependa kitu, ingekuwa rahisi kumchukia. Nanyama alimchukia akijua kwamba katika nchi nzima hakuna mwingine ambaye angeweza kuzungumza naye kuhusu vile yule mama anavyonyanyua kichwa.

Mwisho wa mwaka alifunga vitu vyake, akamwambia Yekosofati anakwenda kumuuguza mama yake Mbale. Kaka yake alimkabidhi kwa wachuuzi wa kahawa waliopita miinuko ya mlima kwa miguu, yeye akiwa na Adero mgongoni, wakavuka mpaka kwa njia za migombani. Kutoka hapo alifika Ugenya, kwa Mama Orpah, mama wa Ouma, ambaye hakuwa amemwona tangu harusi.

Orpah alimtazama mjukuu, akatazama nyuma yao njiani, akaelewa. Pale nyumbani hawakuwa na mwili wa kuzika. Wazee walichuma tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kama gogo, wakalifunga kwa shuka, wakalilaza kaburini, maana kwa Wajaluo mtu aliyepotelea ugenini huzikwa hivyo. Walilia kama inavyopasa. Nanyama alisimama kando ya shimo, macho makavu, na wanawake wakaanza kusemezana.

Jioni Orpah alimfuata jikoni.

"Mwanangu, hukulia."

"Sikuweza, mama."

"Watasema hukumpenda."

"Waache waseme."

Orpah aliketi juu ya kigoda, akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Nani alimpeleka huko Mbale?"

"Mimi. Nilimwamini mtu."

"Kwa nini ulimwamini?"

Nanyama alifungua mdomo ili aeleze. Akaona jinsi maneno yatakavyosikika katika jiko lile, mbele ya mama aliyezika tunda. Akaufunga. "Alikuwa na uso wa huruma," akasema.

Orpah hakumlaani. Alinyanyuka, akapunguza moto chini ya sufuria, akatoka. Wakaishi pamoja hivyo, bila ugomvi na bila kugusa habari ile tena, hadi Orpah alipofariki.

Serikali ile ilianguka, askari wakakimbilia kaskazini na nje ya nchi. Nanyama aliulizia kwa kila aliyepita kutoka Jinja. Mmoja alisema Nasur aliuawa njiani. Mwingine alisema anaishi vizuri ng'ambo, ana duka. Hakupata jibu, na hakuna mahakama iliyomwita mtu yeyote.

Adero alikua, akasoma, akapata kazi ya ukarani Kisumu. Kwa mshahara wake wa kwanza alimwalika mama yake mjini, akamnunulia kitambaa, akampeleka sinema alasiri, maana alikuwa amesikia kwa watu kwamba zamani mama yake alipenda sana filamu. Nanyama aliketi wima, mkoba mapajani, akatazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Karibu nao mtu alikuwa analia. Nanyama akasogeza mkoba wake upande wa pili.

Nje, kwenye jua kali, Adero aliuliza, "Mama, umeionaje?"

"Viti vyao ni vizuri," Nanyama akasema. "Haviumizi mgongo."